Chakula cha Kuwekewa

Mzee Wenceslaus alikuwa akiiba chakula nyumbani kwake mwenyewe. Kila Alhamisi saa nne asubuhi, mkewe Marselina akishajifunga kitenge na kwenda kusali jumuiya, yeye huinuka kwenye kiti cha barazani, akachungulia njia mpaka kitenge kipotee kwenye kona ya stesheni, ndipo akaingia jikoni kwa kunyata. Mtu wa miaka sitini na minane, mstaafu wa gengi la kutengeneza reli, ambaye watoto wa mtaa wote huo wa Kilosa humpa shikamoo kabla hajawafikia, ananyata juu ya sakafu aliyoisakafia kwa mikono yake. Usimcheke kwanza.

Friza ya Marselina ilijaa makopo ya siagi, yale ya njano, na kila kopo limebandikwa kipande cha tepu ya karatasi chenye jina la mlaji, aina ya chakula na siku kilipopikwa. Mwalimu Devota, maharage, Jumanne. Nikolaus wa gereji, pilau, Jumatano. Chini kabisa, kona ya kushoto, lilikaa kopo lililoandikwa: Gabrieli, makande, Jumamosi. Mara nyingine yalikuwa mawili. Mzee alichukua moja, na la pili likienda wapi hakujiuliza.

Alilitumbukiza kopo kwenye beseni la maji ya uvuguvugu mpaka bonge la barafu likaachia, akaligeuzia kwenye sufuria, akaongeza maji nusu kikombe, akafunika na kuacha moto mdogo. Alijua kazi. Makande yakishachemka aliyala yote, na njaa hana, kwani chai na viazi alivyopata saa moja vilikuwa bado vinamkaa tumboni. Kisha aliliosha kopo, akaligeuza mdomo chini juu ya meza, kijiko akakifunika ndani yake, akarudi barazani kukaa na redio yake.

Gabrieli alikuwa mwanawe wa pekee, na maji yalimchukua miaka minne iliyopita.

Makopo yenyewe yalianza kwa ajili ya Gabrieli. Alipopata kazi ya ufundi wa magari Mikumi akapanga chumba peke yake, na mama yake, aliyepikia mabweni ya shule kwa miaka ishirini, hakulala kwa raha. Kijana wa kiume na jiko la mafuta ya taa, atakula nini zaidi ya chipsi? Ndipo Marselina akanunua friza iliyotumika. Akajifunza kwa kukosea. Ugali hauwekwi, ukitoka unapukutika. Viazi mviringo vinageuka sponji. Wali unakubali, mradi siku ya kupasha unyunyiziwe maji. Maharage na makande ndiyo mabingwa. Chakula kipoe kabisa kabla ya kufunikwa, na juu ya kopo iachwe nafasi ya kidole kimoja, kwa kuwa kikiganda kinavimba na kusukuma kifuniko. Kila Jumamosi Gabrieli alipanda gari la kuja nyumbani kwa njia ya kijiji cha Ulaya akiwa na makopo sita matupu, akarudi Jumapili na sita yaliyojaa, yamefungwa kwenye magazeti na blanketi kuukuu. Wenzake wa gereji wakaonja, wakaagiza, na hivyo Marselina akapata biashara ya uzeeni bila kuitafuta.

Yule kijana alikuwa na kasoro moja ya kula. Maganda ya nyanya hayakumpita kooni. Aliyatoa mdomoni moja moja na kuyapanga pembeni mwa sahani, mengine juu ya kifuniko cha kopo, kwa mstari ulionyooka. Mama yake alimwita fundi tofali. Kila mara alisema ataanza kumenya nyanya, na kila mara hakumenya, maana sufuria ni kubwa na nyanya ni nyingi.

Jumamosi moja ya Aprili ile ya mvua Gabrieli alikosa gari la kuja nyumbani, akakodi bodaboda. Kabla ya Ulaya kuna kijito ambacho kiangazi unakiruka. Siku hiyo kilikuwa kimepanda juu ya kivuko. Dereva alishika mti akapona. Pikipiki ilipatikana kesho yake imejaa tope, na makopo manne yalikutwa yakielea kwenye mashamba ya mpunga, vifuniko vimefunga sawasawa. Gabrieli hakupatikana. Watu walitafuta majuma matatu, wakachoka, wakarudi kwenye mashamba yao, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo.

Msiba ulikaliwa bila mwili. Wageni walipoondoka, Marselina aliingia jikoni Jumamosi akapika makande, akajaza kopo, akaandika jina la mwanawe na kuliweka kwenye kona ya kushoto. Mumewe alimwona akanyamaza. Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi, aliyechelewa kurudi huwekewa chakula. Anayewekewa ni mtu aliyeko njiani. Marehemu hawekewi.

Wiki zikapita, makopo yakajaa kona. Mwezi wa saba umeme ulikatika siku tatu, kila kitu kikayeyuka, na Alhamisi Marselina alipokwenda jumuiya Wenceslaus alifungua friza akakuta makopo ya Gabrieli yanatoa jasho. Yangemwagwa jioni hiyo hiyo. Alilitazama jina lile kwenye tepu, akaona hawezi kustahimili kuona makande ya mtoto yakienda shimo la taka. Akapasha kopo moja, akala mpaka chini huku akilia. Akaosha. Akageuza.

Marselina aliporudi alisimama mlangoni, akalitazama kopo lililogeuzwa mezani kwa muda mrefu, akalinyanyua, akaliteremsha. Uso wake ukafunguka. Ndilo tabasamu la kwanza mzee aliloliona tangu Aprili.

“Amekula,” alisema.

Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungemwambia mama aliyepoteza mtoto kwamba ni mimi mzee mlafi? Wenceslaus alinyamaza. Alhamisi iliyofuata akala tena ili asimvunje moyo, na iliyofuata, na mke aliporudi alisema neno lile lile, “Amekula,” akaenda kubadili kitenge. Miaka minne. Makande yalimchosha mzee yule mpaka harufu yake tu ilimfunga koo, lakini alikula.

Kilichomtesa zaidi ya makande ni Novemba. Kila mwaka kabla ya sikukuu ya marehemu wote, Agatha, katibu wa jumuiya, hupita na karatasi, na kila nyumba huandika majina ya marehemu wake ili yasomwe kanisani. Kila mwaka Marselina aliandika baba yake, mama yake, wakwe zake na dada yake, na mstari wa mwisho akauacha wazi. Wenceslaus aliamini, na aliamini kwa woga, kwamba mtu asiye na kaburi na asiyesomwa jina hajui aelekee wapi. Na ni yeye, baba mzazi, aliyekuwa akimzuilia mwanawe njiani kwa kijiko, Alhamisi baada ya Alhamisi. Alitaka jina lile lisomwe kabla yeye mwenyewe hajaandikwa kwenye karatasi hiyo.

Mwaka huu alijikaza. Agatha alipokwisha kutoka, alisema, “Mama Gabrieli, mwandike mtoto.”

“Baba Gabrieli,” mkewe alimjibu bila kugeuka, “supu yako inapoa.”

Angalia walivyofungwa. Hata kugombana hawakuweza bila kumtaja. Karatasi ikawekwa chini ya kopo la sukari, mstari wa mwisho mweupe, nayo ilipaswa kurudishwa Jumapili ya juma lililofuata.

Jumatatu iliyofuata dada yake Wenceslaus, Hildegarda, aliyeuza vitunguu pale njia panda ya Dumila, aliteleza kwenye ngazi akateguka nyonga. Mzee akaenda kumwangalia. Alhamisi ilimkuta kwenye benchi nyuma ya kibanda cha dada yake, mabasi ya Dodoma yakisimama na wachuuzi wakiyakimbilia kwa mahindi ya kuchoma, na saa nne ilipofika alihisi mwili wake unataka kuinuka. Leo kopo halitaliwa, alijiambia. Marselina atalikuta limeganda pale pale. Atalia, lakini atakuwa amejua, na Jumapili ataandika. Aliona uchungu na aliona nafuu, vyote kwa pamoja.

Alirudi Ijumaa mchana. Mkewe alikuwa uani akianua nguo, akampokea begi, akamuuliza habari za wifi yake, wakaingia ndani pamoja. Juu ya meza ya jikoni palikuwa na kopo la njano limegeuzwa mdomo chini.

“Amekula,” alisema Marselina, akapita na begi kwenda chumbani.

Wenceslaus alibaki amesimama. Kijiko hakikuwa ndani ya kopo. Kilikuwa juu yake, kimelazwa katikati ya kitako. Kando palikuwa na kifuniko, na pembeni mwa kifuniko, kwa mstari ulionyooka, vilipangwa vipande saba vya maganda ya nyanya. Aligusa kimoja. Kilikuwa bado kibichi.

Mzee alijipa majibu yote anayoweza kujipa mtu mwenye akili zake. Mkewe kala mwenyewe. Jirani kaingia. Paka, alifikiri, na hapo akajionea aibu, maana ni paka gani aoshaye kopo? Akabaki na la kwanza. Marselina amekula, amepanga maganda kwa kumkumbuka mtoto, basi. Alikwenda kuoga, na maji ya moto hayakumtoa baridi iliyomshika mgongoni.

Kesho yake, Jumamosi, Marselina alikwenda sokoni kununua mahindi. Mzee alikaa barazani, macho kwenye njia. Saa tatu alifika Sayialel, mama mtu mzima wa Kimaasai aliyehamia na ng'ombe upande wa tambarare mwaka ule, aliyewaletea maziwa kila Jumamosi. Wakasalimiana, akapita ubavuni kwa nyumba kwenda mlango wa jikoni, mahali alipozoea kuliacha dumu. Alirudi amekunja uso.

“Mzee, nikwambie kitu na usinikasirikie?”

“Sema, mama.”

“Kijana wenu hana adabu.”

“Kijana gani?”

“Huyo wa jikoni. Nimesimama mlangoni mtu mzima na mvi zangu, nangoja shikamoo. Kimya. Anakula tu, amenipa mgongo. Kwetu mtoto wa hivyo anachapwa.” Alisonya. “Halafu nguo zimeloa. Mnamwacha mtoto akae na nguo mbichi?”

Sayialel alikuwa mgeni. Habari za kijito hakuwa nazo, na hakuna aliyewahi kumwambia, maana nani humwelezea muuza maziwa msiba wa miaka minne? Alifanya kosa la mgeni, akamkasirikia mtu kwa kukosa salamu. Wenceslaus alimwomba radhi kwa niaba ya kijana. Mdomo wake ulisema tu, kwa mazoea ya baba, “Nisamehe mama, nitamsema.”

Mama yule alipoondoka, mzee aliingia jikoni. Safari hii hakunyata, miguu ilikuwa mizito mno. Hapakuwa na mtu. Dumu la maziwa lilikuwa kizingitini. Juu ya meza kopo lilikuwa limegeuzwa, kijiko juu, maji yakidondoka ukingoni mwa meza tone baada ya tone, na sakafu mbele ya kigoda ilikuwa na unyevu wa mahali paliposimama miguu miwili. Aliogopa mpaka akashika ukuta. Na ndani ya woga ule kulikuwa na furaha, tena furaha kubwa, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi.

Mchana Marselina alipika. Mumewe alikaa kwenye kigoda akimtazama akichota makande yaliyopoa na kujaza makopo, akiacha nafasi ya kidole kimoja. Mwishowe akashindwa.

“Mama Gabrieli, nimekukosea. Ni mimi ninayekula. Siku zote hizo za Alhamisi. Ni mimi.”

Mwiko haukusimama. “Najua.”

“Unajua?”

“Tangu siku ya kwanza. Kijiko kilikuwa chini ya kopo. Nani mwingine hufunika kijiko? Tangu unioe unaogopa nzi.”

“Lakini ulisema amekula!”

“Nilisema amekula. Jina nilitaja?”

Ni kweli, jina hakutaja. Kwa miaka minne alimsikia akisema neno moja tu, na nafasi ya jina aliijaza mwenyewe.

Marselina aliweka mwiko chini sasa, akajifuta mikono. “Baba Gabrieli, wewe ulikataa chakula. Umesahau? Aprili mpaka Julai, chai kavu. Suruali ulikuwa unaifunga kwa kamba ya katani. Agatha aliniambia jiandae, huyu naye anakwenda. Nikapika kila kitu unachopenda, ukasukuma sahani. Nikarudi Alhamisi ile nikakuta umekula kopo zima. La kwake. Nikasema Mungu mkubwa, basi nitakuwa napika la kwake. Amekula. Mume wangu amekula. Ningesema najua, ungeona haya, ungeacha.”

Wenceslaus alilia, na mzee akilia mchana jikoni hana pa kujificha. “Na karatasi? Kila mwaka unaacha mstari wazi, na mwaka huu nimekuomba umwandike, ukakataa.”

“Niliogopa. Akishasomwa jina, nitamwekea nani? Na wewe utakula nini?”

“Kwa hiyo unajua kwamba amekufa.”

“Nilimzaa mimi. Nilijua kabla pikipiki haijaletwa.”

Nje treni ya mizigo ilipiga honi ikiingia stesheni, na mzee, kwa mazoea ya kazi, alingoja ipite ndipo azungumze.

“Nilikuwa Dumila juzi Alhamisi,” alisema polepole. “Uliniambia amekula.”

Marselina alichukua kifuniko, akakibana juu ya kopo pande zote nne. Hakumtazama.

“Hilo lilikuwa la yule mwingine,” alisema. “Ndiyo maana siku nyingine naweka mawili.”

Alivuta droo ya kabati na kutoa kopo dogo la majani ya chai, akamfungulia mumewe. Lilijaa maganda ya nyanya yaliyokauka, mekundu, yamejikunja, ya mwaka huu na ya mwaka juzi, mamia kwa mamia. Hakuwahi kutupa hata moja.

“Huwa haniambii kitu,” alisema. “Nami simuulizi. Anakula, anaosha, anaondoka. Nilidhani ukijua utaleta watu waje kuombea nyumba.”

Kisha akaiondoa karatasi ya Agatha chini ya kopo la sukari, akachukua makapeni ile ile ya kuandikia makopo, na kwenye mstari wa mwisho akaandika Gabrieli, kwa herufi zile zile.

Siku ya marehemu jina lilisomwa, katikati ya majina mengine mengi, haraka haraka, kama yanavyosomwa. Wenceslaus alilisikia akashusha pumzi aliyoishika miaka minne. Alihisi mwanawe ameachiwa. Walirudi nyumbani wakitembea bega kwa bega, na njia nzima alikuwa mwepesi.

Jumamosi Marselina alipika makande. Akabandika tepu kwenye makopo mawili, na mzee akainama kusoma. La kwanza liliandikwa Baba Gabrieli. La pili liliandikwa Gabrieli.

“Bado unamwekea? Si tumekwisha kumwombea?”

“Tumemwombea apumzike,” alisema mkewe. “Hatukumwombea ashinde njaa.”

Alhamisi ile Marselina hakwenda jumuiya. Saa nne walikaa wote barazani, ungo wa maharage katikati yao, wakichambua mawe. Mzee alikuwa amekwisha kula kopo lake, mezani, mchana kweupe, mkewe akimwangalia, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili ile makande yalikuwa na ladha.

Ndipo jikoni kijiko kikagonga kopo.

Wenceslaus alishtuka, akataka kuinuka. Mkono wa mkewe ulimshika kifundo cha mkono, mkavu, wenye nguvu ya mtu aliyesonga ugali wa mabweni miaka ishirini.

“Keti,” alimnong'oneza. “Mwache amalize. Ukiingia ataacha.”

Mzee alikaa. Machozi yalimtoka, na woga haukumtoka, lakini mikono ikaendelea na maharage, jiwe huku, punje kule. Kijiko kiligonga tena na tena, taratibu, kwa mtu mwenye nafasi. Kikanyamaza. Wakasikia kata ikichota ndoo, maji yakimiminwa kwenye kopo, kopo likisuguliwa, kopo likigeuzwa juu ya meza. Marselina alimtazama mumewe, akangoja.

“Amekula,” alisema Wenceslaus.